Usufi Juu ya Paa

Theluji ya Thunder Bay haina kishindo.
Imeshuka usiku kucha juu ya gereji ya Bwana Lehtinen
kama mgeni anayevua viatu mlangoni,
na asubuhi paa limenenepa.
Kwetu tulisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Leo usufi wenyewe ninauona,
umelala mweupe juu ya boriti ya mita sita,
na boriti haisemi kitu,
ila msumari mmoja karibu na taa
umetoa kichwa nje kidogo, kama kobe.

"Mshamu," aliniambia wiki jana darasani,
vumbi la chaki limemganda kwenye ndevu,
"usihesabu chembe. Pima eneo."
Akachora mishale midogo, yote kimo kimoja,
imesimama bega kwa bega
kama watoto kwenye foleni ya uji.
Kilonyutoni mbili kwa kila mita.
Mbili mara sita, kumi na mbili.
Akaifuta yote kwa kiganja,
akachora mshale mmoja, mnene, katikati kabisa.
Sita huku, sita kule. Nguzo zimegawana.
Nilipenda. Nilipenda mno jinsi umati
ulivyokubali kuitwa jina moja.

Kisha akauleta upepo.
Upepo wa ziwani hausawazishi, unasukumia upande:
kushoto sifuri, kulia tatu,
na mzigo umekuwa pembetatu.
Jumla tisa. Na mshale wake haukai katikati,
unasogea kwenye unene,
mita nne kutoka kushoto, mbili kutoka kulia.
Nguzo ya kushoto: tatu.
Ya kulia: sita.
Niliandika jibu, na pembeni yake, kwa penseli hafifu,
sijui kwa nini:
*mimi ni hii ya kulia.*

Maana Somoe hupiga simu tarehe ishirini na nane.
Ada ya Chande. Dawa za mama za presha.
Bati kumi na nne, geji ya ishirini na nane,
"zile nyembamba huimba mvua ikinyesha, kaka, hatulali."
Nami vyote huvikusanya,
huviweka hapa, chini ya mbavu,
usiku wa ishirini na saba,
na kitanda cha kupanga kinalia peke yake.

Jana alinirudishia karatasi ina duara jekundu.
"Nguzo umepata. Tumbo la boriti umekosa.
Mshale mmoja ni uongo halali, Mshamu.
Nguzo hazitambui tofauti.
Boriti inaitambua."
Akakokotoa taratibu, akihema kama anapanda ngazi.
Mzigo uliosambaa: momenti ya tisa pale katikati.
Mzigo uleule, chembe kwa chembe,
ukirundikwa kwenye nukta moja:
kumi na nane.
Mara mbili.
Hakuongeza neno. Alianza kutafuta kifutio
alichokuwa amekikalia.

Sasa niko juu ya ngazi, koleo mkononi,
pua imekufa ganzi.
Naanza upande wa kulia, ule mnene.
Simu inatetemeka mfukoni; leo ni tarehe kumi na moja tu.
Ni mimi niliyemwandikia Somoe alfajiri:
*nikutumie kidogo kidogo, kila Ijumaa?
Na bati, mwambie Ngwali achukue nne,
mvua inamnyeshea na yeye.*
Glavu zimeganda, siwezi kufungua jibu.
Huenda amekasirika.
Huenda Ngwali amekasirika zaidi.

Nasukuma. Usufi unadondoka nyuma ya gereji,
na una uzito, jamani, una uzito,
mgongo wangu ni shahidi.

"Milimita tatu!" anapaza sauti Lehtinen kutoka ndani.
Amefunga uzi chini ya boriti tangu jana,
amepiga magoti na rula ya mwanafunzi.
"Imenyanyuka milimita tatu!"
Simwamini sana, miwani yake ina ukungu.
Nachota tena.